Kasi ya Serikali Isiuzwe: Neno kwa Wanaotaka Dirisha la Haraka la Vibali vya Kazi

Kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara katika semina, katika mijadala ya uwekezaji, na sasa hata vinywani mwa wanafunzi wangu. Husemwa kwa sauti ya busara na kwa hiyo ni rahisi kuikubali kabla ya kuipima. Hoja yenyewe ni hii: kwa kuwa maamuzi ya vibali vya kazi kwa wageni huchelewa, serikali ifungue dirisha la haraka. Mwenye haraka alipe zaidi, apate jibu ndani ya siku chache, fedha ziingie Hazina kwa risiti, na kila mmoja aende zake akiwa ameridhika. Wanaoitetea hutupa mfano wa Marekani, ambako mwajiri anayemwombea mgeni viza ya kazi huweza kulipa ada ya ziada ili ombi lake lishughulikiwe upesi. Huuliza: ikiwa taifa tajiri kuliko yote linafanya hivyo bila aibu, sisi tunaona haya ya nini?

Mimi naipinga hoja hiyo, na nitaipinga kwa kuanzia nyumbani.

Namtumbo ni wilaya ambayo wengi nje ya Ruvuma waliijua kama kituo katika barabara ya Songea kwenda Tunduru, nchi ya mahindi, tumbaku na ufuta. Leo inatajwa kwa jina jingine: urani. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mabadiliko ya mpaka wa Pori la Akiba la Selous ili kuupisha mradi wa Mto Mkuju. Miaka ikapita kimya. Kisha, Julai 30, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika mradi huo, unaoendeshwa na Mantra Tanzania, kampuni iliyo chini ya Uranium One, ambayo nayo ni tawi la shirika la nyuklia la Urusi, Rosatom. Uwekezaji uliotajwa ni wa takriban dola bilioni 1.2.

Tanzania haijawahi kuchimba urani kibiashara. Hatuna kizazi cha mafundi waliozeekea katika kazi hiyo kama tulivyo nao katika dhahabu. Kwa hiyo wageni watakuja, na hakuna ubaya wowote katika kuja kwao. Mtu hafundishwi na asiyejua. Jambo linalonishughulisha ni namna kila ombi la kumleta mgeni litakavyoamuliwa, na nani, na kwa muda gani. Hapo ndipo dirisha la haraka linapogusa maisha ya kijana wa Likuyu ambaye hajawahi kusikia habari za viza ya Marekani na wala hana haja nazo.

Kibali ni swali

Tuliweke wazi jambo ambalo mara nyingi hufunikwa na lugha ya ofisi. Kibali cha kazi kwa mgeni ni swali ambalo taifa linamwuliza mwajiri kabla ya kumfungulia mlango. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka 2015, inamtaka Kamishna wa Kazi ajiridhishe, kabla ya kutoa kibali, kwamba juhudi zote zimefanyika kumtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo. Inamtaka pia mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi, yaani aeleze ni kwa namna gani kazi inayofanywa na mgeni leo itafanywa na mwenyeji kesho. Kibali chenyewe hakizidi miezi 24 kabla ya kuhuishwa, na kwa mwajiriwa wa kawaida jumla ya muda haipaswi kupita miaka mitano. Nia ya sheria inasomeka bila miwani: mgeni ni mwalimu wa muda.

Sasa fikiria ofisa anayeketi mezani na ombi hilo. Kujiridhisha maana yake ni kazi. Ni kusoma wasifu wa mwombaji, kulinganisha cheti na cheo, kuuliza kama nafasi ilitangazwa na wapi, kutazama kama mpango wa kurithisha ujuzi una majina ya watu na tarehe au ni kurasa mbili zilizonakiliwa kutoka ombi la mwaka juzi. Kazi hiyo inahitaji muda, na muda huo una mwenyewe: ni wa Mtanzania ambaye hayupo chumbani, ambaye huenda angeifaa nafasi hiyo, na ambaye hana mtu mwingine wa kumsemea isipokuwa ofisa yule na maswali yake.

Mwenye kulipia kasi analipia ufupi wa swali. Wataalamu wa fedha watanijibu kwamba uchunguzi utabaki ule ule, ila utafanyika mapema zaidi. Ningependa kuamini hivyo. Lakini ofisa aliyepewa siku chache na kuambiwa kwamba zikipita fedha zitarudishwa na idara yake itapungukiwa mapato, ataanza kuliona kila swali la ziada kama hasara. Hatahitaji kuagizwa na mtu. Mfumo wenyewe utakuwa umemnong'oneza.

Marekani inauza nini hasa?

Kwa kuwa mfano wa Marekani ndio unaotolewa, tuutazame kwa macho mawili badala ya moja.

Bunge la nchi hiyo liliruhusu ada ya haraka Desemba 2000, na huduma ikaanza Juni 2001. Bei ilikuwa dola 1,000, ahadi ilikuwa siku 15. Sheria ilieleza kwamba fedha hizo zingetoa huduma ya haraka kwa wateja wa kibiashara na pia kuboresha miundombinu ya utoaji wa maamuzi. Yaani tajiri alipe, na jasho la fedha zake limnufaishe na maskini aliye katika foleni ya kawaida. Ni ahadi nzuri, na ndiyo ile ile tunayopewa sisi leo.

Miaka 16 ilitosha kuipima. Aprili 2017 idara ya uhamiaji ya Marekani ilisimamisha kwa muda huduma hiyo kwa maombi ya viza ya H-1B, ile inayotumika sana kwa wataalamu. Sababu iliyotolewa na idara yenyewe inastahili kubandikwa katika ukuta wa kila wizara: kwamba wingi wa maombi mapya na ongezeko kubwa la maombi ya haraka viliifanya ishindwe kuyashughulikia maombi yaliyokaa muda mrefu. Mwenye duka mwenyewe amekiri kwamba dirisha la wenye fedha lilikuwa likila muda wa dirisha la wengine. Na ingekuwaje vinginevyo? Ofisa ana macho mawili na siku moja. Saa aliyompa huyu ameitoa kwa yule.

Je, Marekani ilijifunza? Mwaka 2020 idara hiyo ilikumbwa na upungufu wa fedha hadi ikatangaza mpango wa kuwapumzisha kazi bila malipo watumishi zaidi ya 13,000. Mpango haukutekelezwa, na Oktoba mwaka huo sheria mpya ikapandisha bei ya kasi kutoka dola 1,440 hadi dola 2,500, na kuruhusu huduma ipanuliwe kwa aina nyingine za maombi. Februari 2024 bei ikafika dola 2,805 kwa maombi kama ya H-1B. Kisha, Aprili 1, 2024, zile siku 15 zilizokuwa zikihesabiwa kwa kalenda zikaanza kuhesabiwa kuwa siku za kazi, maana yake wiki tatu nzima. Mteja akalipa zaidi, akasubiri zaidi, na bado akashukuru, kwa sababu upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wakisubiri kwa miezi.

Hapo ndipo ilipo siri ya biashara hii. Kasi haina bei ikiwa foleni ya kawaida inakwenda vizuri. Hakuna mtu anayenunua maji kando ya mto. Ofisi inayopata mapato kwa kuuza haraka inahitaji, apende asipende mkuu wake, kuwe na ucheleweshaji wa kutosha kuwatisha wateja. Sisemi kwamba kuna mtu anayeketi na kupanga kuwachelewesha watu. Nasema kwamba siku ikifika ya kuchagua kati ya kuajiri maofisa wa foleni ya kawaida na kulinda mapato ya foleni ya haraka, mhasibu ndiye atakayekuwa na sauti kubwa zaidi katika kikao.

Tujue pia kwamba anachonunua mteja ni kidogo kuliko anavyodhani. Idara ya Marekani huhesabu kuwa imetimiza ahadi ikiwa ndani ya muda huo imetoa uamuzi, au imeandika barua ya kudai ushahidi zaidi, au imetoa taarifa ya kusudio la kukataa. Barua ya kudai ushahidi ikitoka siku ya 14, saa inasimama, na ushahidi ukipelekwa inaanza kuhesabiwa upya. Muuguzi wa Afrika Mashariki anayeombewa ukaazi wa kudumu na hospitali ya huko anaweza kuona ombi la mwajiri wake limekubaliwa upesi, halafu akajikuta katika foleni nyingine ya kusubiri namba ya viza, ambazo kwa makundi yote ya ajira, pamoja na wenzi na watoto, zimewekewa kikomo cha takriban 140,000 kwa mwaka. Foleni hiyo ya pili haiuzwi. Wengi huligundua jambo hilo wakiwa wameshaaga kijijini.

Na kuna sehemu ya mfano wa Marekani ambayo watetezi wa dirisha la haraka hawaitaji kabisa. Kwa viza nyingi za ukaazi zinazotokana na ajira, kabla ombi halijafika idara ya uhamiaji, mwajiri lazima apate hati kutoka Wizara ya Kazi inayothibitisha kwamba hakupatikana mfanyakazi wa ndani aliye tayari, mwenye sifa na anayeweza kuifanya kazi hiyo. Hatua hiyo huchukua muda mrefu, na waajiri huilalamikia sana. Lakini haina dirisha la haraka la kulipia. Marekani, pamoja na ufundi wake wote wa kutia kila kitu bei, haijauza kasi katika hatua ambapo mfanyakazi wake mwenyewe anaulizwa habari zake.

Kwetu hatua hiyo haijatengwa. Swali la kama Mtanzania yupo na swali la kama mgeni aruhusiwe yamo ndani ya ombi moja, mbele ya Kamishna mmoja. Tukiuza kasi ya kibali cha kazi, tutakuwa tunauza kile hasa ambacho Wamarekani wamekiacha nje ya soko. Anayeiga bila kusoma huishia kuiga kovu.

"Afadhali risiti kuliko bahasha"

Darasani, mwanafunzi mmoja aliwahi kunijibu kwa ujasiri niliouheshimu: "Mwalimu, watu tayari wanalipa. Afadhali risiti kuliko bahasha." Hiyo ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote, na haistahili kupuuzwa.

Hoja hii ina umri mkubwa. Mwaka 1964 Kamati ya Santhanam nchini India iliandika juu ya desturi ya "fedha za kasi", zile zinazotolewa ili faili litembee, hata pale mwombaji anapokuwa na haki kamili. Mwaka huo huo mchumi Nathaniel Leff alidai kwamba rushwa ya namna hiyo huweza kuwa kama grisi katika gurudumu lenye kutu. Mchumi wa Uswidi, Gunnar Myrdal, akamjibu mwaka 1968 kwa hoja ambayo hadi leo sijaona aliyeibomoa: ofisa anayejua kwamba kasi ina bei ana sababu ya kuongeza kutu. Ucheleweshaji unageuka kuwa shamba lake.

Swali langu kwa mwanafunzi yule lilikuwa hili: risiti inabadilisha nini katika hesabu ya Myrdal? Inabadilisha mfuko unaopokea. Badala ya ofisa mmoja mwenye sababu ya kuchelewesha, tunapata taasisi nzima yenye sababu hiyo, ikiwa na bajeti, makadirio ya mapato na pongezi za mwisho wa mwaka kwa kuvuka lengo la makusanyo. Ofisa wa bahasha angalau anaogopa TAKUKURU. Taasisi ya risiti haimwogopi mtu, kwa maana imehalalisha.

Wala bahasha haitatoweka. Bei rasmi ya kasi ikiwa kubwa, bei ya kificho itatangazwa kuwa nafuu yake. Mwajiri mdogo, mwenye karakana moja Songea na fundi mmoja kutoka Zambia, hataweza kulipa ada ya haraka. Foleni yake itakuwa imerefuka kwa sababu ya walioweza. Na katika urefu huo ndipo dalali atakapomsubiri. Dirisha la haraka halimwondoi dalali. Linampa orodha ya bei ya kulinganishia.

Tume ya Jaji Joseph Warioba iliyochunguza rushwa mwaka 1996 ilitofautisha rushwa ya wadogo wanaotafuta kujikimu na ile ya wakubwa wanaosukumwa na tamaa. Tunayojadili leo haimo katika fungu lolote kati ya hayo mawili, na ndiyo hatari yake. Haina mtu wa kukamatwa. Kizazi cha TANU kiliapa kwamba rushwa ni adui wa haki, na adui huyo alijulikana kwa sura. Sisi tunataka kumvika sare na kumpa namba ya malipo.

Isitoshe, aliyezoea kuuza kasi hufika siku akauza mlango wenyewe. Septemba 2025 Rais wa Marekani alitangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya wafanyakazi walio nje ya nchi, na siku hiyo hiyo akaanzisha "kadi ya dhahabu" inayompa mtu njia ya ukaazi kwa dola milioni 1. Sidai kwamba ada ya mwaka 2001 ndiyo iliyozaa haya moja kwa moja. Nadai kwamba taifa lililokwisha kuzoea kuona uamuzi wa serikali ukiwa na bei mbili halishtuki sana linapoona bei ya tatu. Uingereza nako mwombaji wa kuongezewa muda wa ukaazi anaweza kulipa pauni 500 za ziada apate jibu ndani ya siku tano za kazi, au pauni 1,000 alipate siku ya kazi inayofuata. Karibu nasi, Uganda, raia anaweza kulipa ziada apate pasipoti ya haraka. Hapa kwetu baadhi ya hospitali kubwa za umma zina kliniki za wanaolipa zaidi wasikae katika mabenchi pamoja na wengine. Jambo linaanza kwa wageni na wafanyabiashara, ambao hakuna anayewaonea huruma, kisha linawafikia wenyeji.

Haraka ya kweli na haraka ya fedha

Msomaji mwadilifu ataniuliza: mtambo ukisimama Mkuju, na fundi pekee anayeujua yuko nje ya nchi, tumsubirishe pamoja na kila mtu? La. Dharura zipo, na serikali yenye akili huzitambua. Lakini zitambuliwe kwa uzito wake, si kwa unene wa mfuko. Marekani hiyo hiyo ina njia nyingine, isiyolipiwa ziada, ambayo mwombaji huomba kuharakishiwa kwa sababu ya hasara kubwa ya kifedha, dharura, sababu za kibinadamu, maslahi ya taifa, au kosa lililofanywa na idara yenyewe. Kwa nini watetezi wetu waliiona njia ya kulipia na wasiione hii? Mtambo uliosimama ni sababu. Daktari bingwa anayesubiriwa na wagonjwa ni sababu. Mkurugenzi aliyechelewa kupanga safari yake hana sababu. Ana fedha tu.

Na tusisahau kwamba wawekezaji wakubwa hawakuachwa nyuma. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 ilimpa mwekezaji mwenye cheti cha vivutio nafasi ya kuleta wageni hadi kumi katika hatua za mwanzo za mradi. Walio wengi katika foleni ndefu ni shule, zahanati za mashirika ya dini, karakana na kampuni za kati. Dirisha la haraka litawauzia wakubwa kile ambacho tayari wanacho kwa sehemu, na kuwalipisha wadogo kwa muda wao.

Sisi wa kusini tuna sababu yetu ya ziada ya kuwa waangalifu. Wakati wa ukoloni, Songea, ambayo Namtumbo ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 2002, ilifanywa ghala la nguvukazi. Vijana waliandikishwa na mawakala wa wenye mashamba ya mkonge wakapelekwa Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba, kwa sababu waliandikwa kwa namba. Katika mpango ule mwenye kulipa ndiye aliyeamua nani aende, lini, na arudi lini. Kijana mwenyewe aliulizwa mwisho, kama aliulizwa. Wajukuu wao leo hawapelekwi mbali. Kazi imewafuata hadi nyumbani. Ingekuwa fedheha iwafuate halafu uamuzi wa nani aifanye uharakishwe kwa malipo kabla jina lao halijatajwa.

Tufanye nini badala yake

Kupinga bila kupendekeza ni nusu ya kazi. Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji dirisha la pili.

Kwanza, tuige kutoka Marekani kitu kimoja chema ambacho hakuna anayekitaja: kurudisha fedha. Huko, idara ikipitisha siku ilizoahidi, mteja wa haraka hurudishiwa ada yake ya haraka na ombi lake huendelea kushughulikiwa. Sisi tuwape haki hiyo waombaji wote kwa ada ya kawaida wanayolipa. Taasisi zetu zina mikataba ya huduma kwa mteja, imebandikwa mapokezini, imetaja idadi ya siku kwa kila huduma. Lakini siku zikipita hakuna kinachotokea. Mkataba usio na adhabu ni salamu. Tuutie meno: siku zikipita bila uamuzi wala sababu iliyoandikwa, ada irudi. Hapo ndipo mhasibu niliyemtaja atakapoanza kutetea foleni ya kawaida.

Pili, idadi ya maombi yaliyopo, na umri wa kila kundi la maombi, itangazwe kila mwezi. Mfumo wa maombi kwa mtandao unaweza kuhesabu bila kuchoka. Foleni inayoonekana haiuziki kwa urahisi, maana anayerushwa ataona nani amempita.

Tatu, dharura ziwe na vigezo vilivyoandikwa, zisilipiwe ziada, na kila iliyokubaliwa itangazwe pamoja na sababu yake, bila kuanika siri za mtu.

Nne, mpango wa kurithisha ujuzi usibaki kuwa siri kati ya mwajiri na ofisi ya mbali. Muhtasari wake ufike katika halmashauri ya wilaya ambako kazi inafanyika, na katika chuo cha ufundi kilicho karibu. Chuo cha VETA kipo Namtumbo. Mwalimu wa umeme pale akijua kwamba baada ya miezi 24 nafasi tatu za ufundi zinapaswa kushikwa na Watanzania, atajua la kufundisha na nani wa kumsukuma. Asipojua, miezi 24 itaisha, kibali kitahuishwa, na ombi jipya litaeleza tena kwamba mwenyeji hakupatikana.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa: najua meza zenu zimejaa, na najua wengi wenu mnachelewa kwa sababu mko wachache, wala hakuna hila. Dirisha la haraka halitawaongezea mikono. Litawaongezea bosi wa pili, naye atakuwa mteja. Ombeni watu na vifaa kwa jina lake halisi, wala msikubali uhaba wenu ugeuzwe bidhaa.

Kwa wanaharakati: sheria ya ajira za wageni huwa tunaikumbuka tunapotaka kulalamika kwamba wageni wamejaa. Isomeni siku nyingine pia. Idaini taarifa za mipango ya kurithisha ujuzi, mradi kwa mradi, kuanzia Mkuju.

Na kwa wanafunzi wangu: msidharau muda wa serikali kwa kuudhani kuwa kero tu. Siku ambazo ofisa anazitumia kuuliza kama kuna Mtanzania anayeifaa kazi fulani ni siku zenu. Akizitumia vibaya, mdaini. Akizichelewesha bila sababu, mshitakini. Lakini msikubali aziuze, kwa maana atakuwa ameuza mali isiyo yake, na mnunuzi hatawarudishia.